Nundu za Njia ya Garissa

Anayetoka Mombasa kwenda Garissa kwa nia ya kuona milima atarudi mikono mitupu. Nchi ile ni tambarare. Kusini, kuelekea mipaka ya Lamu, ardhi iko mita 20 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaskazini hufika kama mita 400, na kupanda huko kumetandazwa juu ya mamia ya kilomita hata jicho halikutambui. Ukisimama nje ya mji wakati wa alasiri utaona miiba ya migunga, vumbi jekundu, na mbingu iliyoshuka hadi chini pande zote nne kama kawa iliyofunikiwa sinia.

Hata hivyo ni katika njia ya kwenda nchi hiyo tambarare ambapo sisi na jamaa zetu tulipaa kutoka vitini mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Ni juu ya kupaa huko tunataka kuzungumza na wasomaji wetu wiki hii, hasa akina mama, kwa kuwa wao ndio waliokaa nyuma.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kijana mmoja wa Garissa aliyekaa madrasani kwetu miaka minne alikuwa akioa, na wazee wake walituma salamu mara tatu kwamba ndoa haifungwi mpaka tumefika. Tukaondoka Mombasa baada ya Alfajiri, tukapita Kilifi, Malindi na Garsen, kisha tukaufuata mto Tana kwa upande wa magharibi kupitia njia ya Hola na Bura hadi Madogo. Ni zaidi ya kilomita 450. Karani wa tiketi, ambaye hatutamtaja wala kuitaja kampuni yake, aliwapanga wanaume mbele na wanawake na watoto katika safu mbili za mwisho, akasema ni kwa ajili ya stara. Miongoni mwa waliokaa nyuma alikuwamo binti wa mwenzetu, mwenye mimba ya miezi sita, na mama mkwe wake ambaye mgongo wake umemsumbua tangu zamani. Walikuwamo pia wajukuu wanne, na hao kwao kiti cha nyuma ni zawadi.

Baada ya Garsen mambo yalibadilika. Msomaji asiyeijua njia hiyo na afahamu kwamba nchi ya Tana haina mito mingi yenye maji, lakini ina mito mingi isiyo na maji. Wenyewe huiita laga. Ni makorongo mapana ya mchanga ambayo kwa miezi mingi hukauka kabisa, mbuzi hulala ndani yake, kisha mvua ikinyesha mbali hushuka maji mekundu kwa ghafla yakachukua kila kitu. Galole, ile laga ya Hola, ni mojawapo. Juu ya laga kubwa hujengwa daraja. Juu ya zile ndogo wahandisi huridhika na drifti, yaani njia ya saruji inayoshuka hadi sakafu ya korongo na kupanda tena ng'ambo, ili maji yapite juu yake yakija. Basi njia iliyo tambarare kwa jicho huwa, kwa mgongo wa msafiri, ni mfululizo wa mabonde na nundu. Shuka, panda, shuka, panda. Ongeza matuta yaliyowekwa mbele ya kila kijiji, na viraka vya lami vilivyoachwa na mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, yaliyoikata njia kati ya Madogo na Garissa hata watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mafuriko mengine yalipokuja mwezi wa Aprili 2024, mashua moja ilipinduka mahali paitwapo Kona Punda, na roho zikapotea. Sisi tulipopita pale palikuwa pakavu, na mama mmoja alikuwa amekaa kando ya njia akiuza matikiti.

Nundu ya kwanza ilitukuta hatuna habari. Basi lilipanda kutoka ndani ya drifti kwa kasi, likafika kileleni, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho hatukuwa na uzito. Kofia ya mzee mmoja ilibaki hewani ilhali kichwa chake kimekwisha kushuka. Nyuma tukasikia sauti mbili kwa pamoja: vicheko vya watoto, "Babu, tumepaa!", na mlio wa yule bibi, ambao haukuwa kicheko.

Hali hiyo ina elimu yake, nayo si ngumu. Sisi hatuuhisi uzito wetu wenyewe. Tunahisi kiti kinavyotusukuma kwenda juu. Gari linapopita juu ya kilele, njia huanza kuanguka mbele yake, lakini mwili wa abiria una desturi ya kuendelea kule ulikokuwa ukienda, yaani mbele na juu. Kiti kikishuka upesi kuliko mwili unavyoweza kuanguka, baina ya viwili hivyo hubaki nafasi, na ndani ya nafasi hiyo mtu huelea. Matumbo nayo hayakufungwa kwa misumari. Yameshikiliwa kwa utando, na siku zote hulala kwa uzito wake. Uzito huo ukiondoka, huinuka kidogo. Ndiyo maana tunasema moyo umepanda kooni, ingawa kwa hakika ni tumbo.

Mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto jambo hili na achukue chupa ya plastiki, aitoboe kando karibu na kitako, aijaze maji na kuacha mdomo wake wazi. Maji yatatoka kwa tundu. Kisha aiachilie chupa ianguke kutoka mkono ulioinuliwa. Wakati inaanguka, maji hayatoki. Chupa na maji vinaanguka pamoja, hakuna kinachomlemea mwenziwe. Ufanyeni uani, si sebuleni.

Jambo la kushangaza ni hesabu yake. Tuchukue kilele cha njia ambacho tao lake, lau lingekamilishwa kuwa duara, lingekuwa na nusu kipenyo cha mita 50. Basi likipita hapo kwa kilomita 80 kwa saa, abiria hupoteza uzito wake wote. Na kilomita 80 ndiyo kikomo kilichowekwa kwa magari ya abiria nchini kwetu na zile kanuni za mwaka 2004, zinazokumbukwa kwa jina la marehemu waziri John Michuki, ambazo pia ziliamuru kila kiti kiwe na mkanda. Dereva akipunguza mwendo hadi kilomita 40, abiria hapotezi nusu ya uzito wake kama mtu angedhani, bali robo tu. Mwendo ukigawanywa kwa mbili, nguvu ya kurushwa hugawanywa kwa nne. Hesabu hii tulimwandikia dereva nyuma ya bahasha, kama tutakavyoeleza.

Maana kupaa peke yake hakudhuru mtu. Kinachodhuru ni kurudi. Aliyeelea hukutana na kiti wakati kiti chenyewe kinapanda tena, na hapo uzito wake huzidi ule wa kawaida mara kadhaa kwa pigo moja, na pigo hilo hupita katika uti wa mgongo. Safu ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu iko nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mkia wa basi ni kama ncha ya ubao wa pembea ya watoto: magurudumu yakiinuka kidogo, mkia huinuka zaidi, na ukishuka hushuka zaidi. Madaktari nchini Uturuki wamewahi kuandika juu ya abiria waliovunjika pingili za mgongo ndani ya basi lililopita juu ya tuta, na waliokaa nyuma ndio waliokuwa hatarini. Hakukuwa na ajali. Basi lilipita juu ya tuta tu, na safari ikaendelea.

Mikanda ya safu yetu ya nyuma ilikuwapo kwa hesabu; mitatu haikuwa na vifungo.

Tuliposimama Hola kwa ajili ya Adhuhuri, yule binti alishuka ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umemparama. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mtoto amenyamaza. Wanawake waliomzunguka walitazamana, nasi tulielewa mtazamo huo. Mama yake mkwe akampa maji, akamlaza ubavu wa kushoto juu ya mkeka nyuma ya msikiti, na baada ya muda ambao kwetu ulikuwa mrefu, alitabasamu akasema, "Huyo amepiga teke."

Sisi tukaenda kwa dereva. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, anakunywa chai. Tukamwambia, "Mwanangu, nyuma kuna mja mzito na mtu mzima mwenye maradhi ya mgongo. Tunaomba upunguze mwendo kwenye drifti." Akajibu kwa adabu, "Sheikh, nikipunguza kila drifti tutaingia Madogo usiku, na ofisini wananipigia simu kila saa." Hatukumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na bwana wake, kama kila mtu. Tukamwonyesha hesabu ya bahasha. Aliitazama kwa muda, akauliza, "Robo?" Tukamwambia robo. Akasema yeye siku zote alidhani ni nusu. Kisha akafanya jambo ambalo hatukumwomba: alimwinua utingo wake kwenye kiti cha nyuma yake, akamwita binti akae hapo, na bibi akapata nafasi kwenye safu ya tano, baina ya magurudumu. Vijana wawili wa kiume, wenye afya na migongo mipya, walikwenda nyuma. Drifti zilizobaki tulizipita kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Tulichelewa nusu saa na ushei, wala simu ya ofisini haikuacha kulia.

Garissa tulivuka daraja la Tana jua linazama. Wenyeji wetu walimpeleka binti hospitalini usiku ule ule kabla hata ya chakula, mkunga akamwekea chombo cha kusikilizia, na moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda vizuri. Ndipo tukala. Tulikula wali na nyama ya ngamia, na nyirinyiri iliyotolewa katika mkebe wa samli, na chai ya maziwa ya ngamia ambayo wajukuu waliikataa kwanza na kuigombania baadaye.

Siku ya pili tulipelekwa soko la mifugo, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Ng'ombe hufika hapo wakiwa wametembea siku nyingi, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Bei haitajwi kwa sauti. Mnunuzi na muuzaji hushikana mikono chini ya kitambaa na kusemezana kwa vidole. Lakini sisi tulivutwa na ngamia. Mmoja alikuwa amepigishwa magoti akifungwa mzigo, na tukaona anavyosimama. Kwanza huinua miguu ya nyuma, na kilicho juu yake hutupwa mbele. Kisha magoti ya mbele, na mzigo hutupwa nyuma. Kisha miguu ya mbele inanyooka, na ndipo vyote hukaa sawa. Ni mikupuo mitatu kabla ya hatua ya kwanza. Mjukuu wetu wa kike, wa miaka tisa, akasema, "Kama basi."

Hakujua kwamba amesema jambo ambalo mafundi wa michezo ya Ulaya na Marekani walikwisha kulisema. Ile treni ya kuchezea iendayo juu ya vilima na mabonde ya chuma, ambayo vijana wetu huiita rola kosta, hujengwa kwa makusudi ili ifanye lile ambalo drifti za Tana hufanya bila kukusudia. Kilima chake cha kuwarusha watu, kinachopanda na kushuka kwa tao moja, katika lugha za mafundi hao huitwa mgongo wa ngamia. Na ule muda wa kuelea juu yake huitwa kwa neno lile lile ambalo sisi Wakenya hununua dukani ili tupige simu: eataimu. Wajukuu walipolisikia hilo walicheka mpaka wakakohoa, na tangu hapo kila tuta wakawa wanaulizana imebaki kredo ya shilingi ngapi.

Ajabu ni kwamba Wasomali, wenye ngamia kuliko watu wote, hawampandi. Mama mzazi wa mwenyeji wetu, ambaye katika ujana wake alihamahama na mifugo baina ya Garissa na Wajir, alitueleza kwa Kiswahili chake kizuri cha polepole. Ngamia kwao ni maziwa, ni mahari, ni diya, na ni mchukuzi wa nyumba. Nyumba yenyewe, matao yake ya mizizi na mikeka yake, hufungwa mgongoni mwa ngamia na wanawake, na ni mwanamke anayemwongoza kwa kamba akitembea mbele. Wanaopandishwa ni watoto wachanga, wagonjwa, na aliyejifungua karibuni. Tukamuuliza kama hawakuogopa kuanguka. Akasema, "Ngamia wa mizigo mnamkimbiza nyinyi? Sisi tulikuwa tunamwendea mbele. Huwezi kumpita anayekuongoza kwa miguu." Mwendo wa nyumba nzima ulikuwa mwendo wa mwanamke anayetembea.

Maneno hayo yalitukumbusha habari ya Anjasha, nasi tuliizungumza usiku baada ya Isha pale ukumbini. Anjasha alikuwa mtumishi wa Mtume (s.a.w.) mwenye sauti nzuri, naye aliwaongoza ngamia kwa kuwaimbia, kwani ngamia husikia sauti na kuongeza mwendo. Katika safari moja wake wa Mtume na wanawake wengine walikuwa juu ya ngamia hao. Anjasha alipoimba na ngamia wakaanza kukimbia, Mtume alimtaka apunguze, akiwafananisha waliopakiwa na vyombo vya kioo. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wameifasiri kwa njia mbili. Wako waliosema kilichoogopewa ni uimbaji kuzivuta nyoyo za wanawake. Na wako waliosema ni mwendo kuwatikisa na kuwaumiza, kwa kuwa ngamia anayekimbia humtupa aliye juu yake. Sisi tangu zamani tuliiona tafsiri ya pili kuwa na nguvu. Baada ya kukaa katika basi lile tunaona hata ile ya kwanza inahitaji mtu ambaye hajapita njia ya Hola.

Wako watakaosema: basi mnaharamisha furaha ya watoto. La. Sisi wa pwani ndio watu wa pembea. Idi ikifika, viwanja vya Makadara hapa Mombasa hujaa pembea na magurudumu ya kuzungusha. Unguja watoto huenda Kariakoo, na Pemba huenda Tibirinzi, na kanzu mpya hurudi na mafuta ya mashine. Mtoto aliyefika juu kabisa ya pembea na kamba ikalegea mkononi mwake amekwisha kuonja kile kile anachokionja tajiri wa Abu Dhabi. Huko, katika bustani ya michezo ya Ferrari World iliyofunguliwa mwaka 2010, iko treni iitwayo Formula Rossa inayofika kilomita 240 kwa saa, na abiria wa mbele huvaa miwani ya kuwakinga na mchanga na wadudu. Jamaa zetu wengi wanaofanya kazi Ghuba wamewapeleka watoto wao, na wengine wametutumia picha ambazo nyuso zao hazitambulikani.

Asili ya mchezo wenyewe ni baridi. Warusi walijenga vilima vya mbao wakavimwagia maji yakaganda, wakateleza juu yake. Mwaka 1817 Wafaransa wakavitia magurudumu na reli huko Paris, na hadi leo Wafaransa huuita mchezo huo milima ya Kirusi, ilhali Warusi wenyewe huuita vilima vya Kimarekani. Mmarekani aliyeufanya biashara, LaMarcus Thompson, alifungua wake ufukweni Coney Island mwaka 1884. Nauli ilikuwa senti tano na mwendo kilomita 10 tu kwa saa, pungufu ya baiskeli. Husimuliwa kwamba alikuwa mtu wa dini aliyetaka kuwapa vijana mahali pa kwenda pasipokuwa vilabuni. Hatuwezi kumlaumu.

Tofauti ya treni ile na basi letu ni kwamba ile imepimwa. Kilima chake kimekatwa kwa hesabu ili mwili uanguke pamoja na kiti, na bonde lake limepanuliwa ili pigo la kurudi ligawanywe. Mlangoni husimama mtu anayekataza wajawazito, wenye maradhi ya moyo na mgongo, na watoto wasiofika kimo. Hukataza pia nguo zinazopepea, na hapo wanawake wetu hupata taabu. Siku ya Idi mwezi wa Agosti mwaka 2011, katika bustani ya Playland mjini Rye, jimbo la New York, wanawake wa Kiislamu walizuiliwa kupanda baadhi ya michezo kwa sababu ya vitambaa vya kichwani. Maneno yakawa ugomvi, polisi wakaja, na watu 15 wakakamatwa mbele ya watoto wao. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na la kusema: kitambaa kirefu kikinaswa na mashine huua, na mgeni aliyelipa nauli hakustahili kuambiwa hivyo mlangoni. Dada anayekwenda mahali kama hapo na avae hijabu fupi iliyobana, isiyo na pini wala ncha inayoning'inia, na aulize kabla hajanunua tiketi.

Mwenyeji wetu, ambaye hufanya biashara hadi Mandera, alisikiliza mazungumzo haya ya treni za chuma kwa uvumilivu mkubwa, kisha akauliza, "Wanalipa ili waogope?" Swali hilo lilitunyamazisha. Njia za nchi yake zimejua hofu isiyouzwa. Mwezi wa Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na abiria 28 wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, na wauaji wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwavisha wenzao Wakristo hijabu zao wenyewe, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki mwezi mmoja baadaye. Mwenyeji wetu alisema kwamba yeye akipanda basi hataki kuhisi chochote mpaka ashuke.

Ndoa ilifungwa siku ya Ijumaa baada ya Swala. Akina mama waliokuwa ndani walitusimulia kuwa wanawake wa Kisomali hughani buraanbur kwa zamu, kila mmoja na beti zake, na kwamba bibi yetu mwenye mgongo alisahau mgongo.

Kwa safari ya kurudi tulikwenda ofisini siku mbili kabla. Tuliwaombea wanawake safu ya tatu hadi ya sita na sisi tukachukua za nyuma. Karani wa huko, mwanamke, hakuuliza sababu, aliandika tu. Tulijaribu mikanda kabla ya kulipa. Stara haikupungua kitu, kwani pazia la kanga moja lilitosha. Wasomaji wanaosafiri na wajawazito tunawaomba wafanye hivyo, na akiwa karibu na siku zake asisafirishwe njia ile ila kwa ruhusa ya daktari.

Dereva wa kurudi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, naye alizishuka drifti kwa gia ndogo. Wajukuu walihesabu kupaa mara mbili tu hadi Bura, wakanuna. Kisha kwenye laga moja basi likasimama kabisa na injini ikazimwa, kwa kuwa ngamia walikuwa wakivuka, mmoja baada ya mmoja, hawana haraka na mtu, na mbele yao anatembea msichana mwenye kamba. Watoto wakajazana madirishani wakaanza kuhesabu nundu. Walifika sitini na mbili.